Kutu iliyojificha kwenye vizingiti: jinsi ya kuitoa kwenye MGB bila kulipinda gari

Ilianza na mlango. Ule wa dereva, uliokuwa unafungwa kwa kusukumwa na kidole miaka yote, ukaanza kudai uinuliwe kidogo ndipo kitasa kishike. Nikalegeza bawaba, nikazipanga, nikazikaza. Wiki mbili hazikupita, ukarudia yale yale. Bawaba hazikuwa na kosa. Gari lenyewe, MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, lilikuwa linabonyea katikati, polepole, kwa kuwa vizingiti vilivyo chini ya milango vilikuwa vimeliwa kutoka ndani huku rangi ya nje ikimeremeta.

Ningependa kumlaumu fundi fulani, lakini fundi mwenyewe ni mimi. Nilipokwangua rangi nilikuta puti nene kama kidole, imekandikwa juu ya wavu wa alumini, na pembeni, mahali msasa haukufika, alama ya kidole gumba. Changu. Niliikandika miaka ishirini nyuma, jioni moja kabla ya ukaguzi, nikapaka rangi nikasahau. Kwa hiyo mwongozo huu unatoka kwa mtu aliyekwisha kuifanya kazi hii vibaya mara moja.

Kwa nini hapa hasa

MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Tofauti na MGA iliyoitangulia, haina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Sasa toa paa, kama ilivyo kwenye gari la wazi, na kazi ya kulizuia lisikunjike inabaki kwa bomba la katikati linalofunika gia, na kwa vizingiti viwili. Ndiyo maana kutu kwenye kizingiti cha gari hili si suala la sura.

Kizingiti chenyewe si bati moja. Kuna bati la nje unaloliona ukifungua mlango. Nyuma yake kuna ukuta wa wima wa katikati, kisha bati la ndani linaloshikana na sakafu. Chini kabisa kuna kipande chenye mikunjo kama meno ya ukuta wa ngome, na mianya kati ya meno hayo ndiyo njia ya maji kutoka. Mianya ikizibwa na tope, au na lami ya kukinga chini ya gari iliyopakwa kwa moyo mkunjufu kupita kiasi, unabaki na birika lisilo na mdomo.

Tope lenyewe hutoka kwenye gurudumu la mbele. Nyuma ya gurudumu, ndani ya madigadi, kuna bati la kukinga lenye raba pembeni. Raba ikikauka na kupasuka, tope hupenya, hutua juu ya ncha ya mbele ya kizingiti, na kukaa hapo likiwa na unyevu hata wiki za jua. Pale mabati mawili yanapokutana, kiwandani yalishikizwa kwa nukta za kuchomelea, na rangi haikufika kati yake. Maji yanaingia kwenye ufa huo na hayatoki. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huyasukuma mabati yaachane. Ukiona mshono umefanya mawimbi, umevimba kati ya nukta na nukta, huna haja ya kipimo kingine. Ndani kumeshaoza.

Hatua ya 1: Chunguza kabla hujashika grainda

Anza na mianya ya milango, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake mahali tambarare. Mwanya wa nyuma ya mlango ukiwa mwembamba juu na mpana chini, gari limebonyea. Pima juu, katikati na chini, uandike. Kisha inua upande mmoja kwa jeki, magurudumu mengine yakiwa yamewekewa vigingi na mtu yeyote asiwe chini, upime tena. Mwanya ukibadilika kiasi cha kuonekana kwa macho, au mlango ukianza kukwama, kizingiti hicho ni pambo tu. Sikiliza pia wakati jeki inapanda: mlio wa bati kukunjika kwenye tundu la jeki ni jibu tosha, shusha mara moja.

Halafu pita na sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa. Palipo na puti nene sumaku inateleza. Gonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma: chuma kizima kinalia, kilichooza kinanong'ona. Ukipata mahali pa kutilia shaka, sukuma ncha ya bisibisi kwa nguvu. Watu huogopa kutoboa gari lao. Bati likitoboka kwa mkono, halikuwa bati tena.

Kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu inasaidia sana hapa. Ipitishe kwenye matundu ya kutolea maji na kwenye tundu lolote lenye kifuniko cha raba. Hutaona vizuri kama unavyotarajia, ila magamba ya kutu yaliyorundikana chini utayaona.

Usiishie kwenye kizingiti. Nyanyua zulia lote. Angalia kingo za sakafu, sehemu ya chini ya nguzo ya bawaba, na masanduku ya betri nyuma ya viti, ambako tindikali imekuwa ikifanya kazi yake kimyakimya. Na kama gari lina kifuniko cha chuma cha pua kilichobandikwa juu ya kizingiti, king'oe kwanza. Sijawahi kukuta kimoja kilichofunika kitu kizima.

Hatua ya 2: Ondoa kila kinachoweza kuwaka au kukuua

Tenganisha betri, nyaya zote mbili. MGB nyingi za kabla ya mwaka 1975 zina betri mbili za volti 6, na zile za miaka ya mwanzo zimeunganisha upande chanya kwenye bodi, kwa hiyo usiende kwa mazoea. Kama gari lina alteneta, chomoa plagi yake. Ukifika kazi ya nyuma, toa tangi la petroli ulipeleke mbali kabisa na mahali pa kazi. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ya mvuke.

Toa viti, mazulia, na sponji zote. Sogeza nyaya za umeme na bomba la breki yanapopita karibu. Lami ya chini ya gari ikwangue kwa moto mdogo na mwiko, angalau upana wa kiganja kila upande wa mahali utakapochomelea. Lami ikishika moto inadondoka ikiwa bado inawaka.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Zipo dawa za kusafishia breki zenye klorini ndani yake. Ukisafishia bati kwa dawa hiyo kisha ukachomelea kabla haijakauka, joto na mwanga wa mashine huigeuza kuwa fosijini, gesi iliyotumika vitani. Soma kopo. Kama huelewi kilichoandikwa, tumia asitoni na uache ikauke kabisa kabla ya kuwasha chochote.

Barakoa yenye chujio, miwani, glavu za ngozi. Mtungi wa kuzima moto na ndoo ya maji karibu. Ukimaliza kazi ya siku, kaa hapo saa nzima bila kuchomelea, unusenuse. Moto uliojificha huanza taratibu.

Hatua ya 3: Funga gari lisiende popote

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoharibu magari. Ukikata kizingiti cha gari la wazi bila kulifunga, ncha mbili za gari zinainamiana. Utachomelea kizingiti kipya kizuri kabisa juu ya gari lililopinda, na litabaki limepinda maisha yake yote.

Liweke kwenye stendi pale ambapo uzito hukaa gari likiwa barabarani: mbele chini ya boriti ya kusimamishia magurudumu, nyuma chini ya ekseli. Kamwe usiweke stendi chini ya vizingiti au katikati ya sakafu. Kama vipimo vilionyesha kuwa limebonyea, sasa ndipo unarekebisha: weka jeki na kipande cha ubao kipana chini ya sehemu ya katikati iliyo nzima, inua kidogo kidogo, ukipima mianya ya milango kila baada ya kupandisha, mpaka iwe sawa juu na chini. Fanya kwa subira. Langu lilichukua mchana mzima, na mwisho wake mlango ukajifunga wenyewe kwa mlio niliokuwa nimeusahau.

Hapo ndipo unafunga fremu. Chukua bomba la mraba la milimita 25, ulichomelee au ulifunge kwa bolti kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, kila upande, kisha bomba jingine livuke kutoka kulia kwenda kushoto kuziunganisha pande mbili. Yapitishe mabomba ndani ya chumba cha abiria, si katikati ya uwazi wa mlango. Mlango lazima uendelee kufunguka na kufungwa, kwa sababu kuanzia sasa mlango ndio rula yako.

Pima pia mishazari ya uwazi wa kila mlango, kutoka pembe hadi pembe, ukiweka alama kwa ncha ya msumari ili upime pale pale baadaye. Andika vipimo ukutani kwa chaki. Karatasi hupotea, au hushika moto.

Na fanya upande mmoja umalize. Usikate vizingiti vyote viwili kwa pamoja hata kama una haraka.

Hatua ya 4: Kukata

Madigadi ya mbele imefungwa kwa bolti, si kuchomelewa. Zipulizie mafuta ya kulainisha kutu siku kadhaa kabla, kila jioni, maana baadhi zimejificha nyuma ya dashibodi na kwenye nguzo ya kioo, na ikikatika moja huko utajua maana ya subira. Madigadi ya nyuma imechomelewa, na ncha ya kizingiti inapita nyuma yake. Hapa ndipo kazi nyingi za kulipia zinapopunjwa: fundi anabadilisha kipande kinachoonekana kati ya madigadi mbili, na ncha zote mbili, zilizooza kuliko katikati, anaziacha gizani. Kata kipande cha chini cha madigadi ya nyuma, kiasi cha upana wa kiganja na nusu, uone kizingiti kinaishia wapi. Utakirudisha baadaye au utaweka kipya.

Anza kukata kidogo. Fungua dirisha katikati ya bati la nje, uangalie ndani, upige picha kabla hujavuruga kitu. Kisha endelea mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, halafu ongeza sentimita mbili au tatu. Bati lililoliwa likabaki jembamba halishiki moto wa kuchomelea. Linatoboka, unaongeza waya, linatoboka zaidi, na jioni una shimo lenye madonge ya chuma pembeni.

Kwenye mishono, usikate kwa grainda. Tafuta nukta za kiwandani (kwangua rangi, utaona vidimbwi vidogo vya mviringo) uzitoboe kwa keekee maalumu ya nukta ya milimita 8, ukiishia kwenye bati la juu tu. Lililobaki litenganishe kwa tindo nyembamba. Kwa namna hii ukingo wa bati la chini unabaki mzima wa kushikia bati jipya. Vipande vilivyooza usivitupe. Hata kilichokaa kama kimia kitakuonyesha mkunjo ulikuwa wapi.

Nilipofungua upande wangu wa kushoto, ukuta wa katikati haukuwepo. Si kwamba ulikuwa na matundu. Kulikuwa na mstari wa unga wa rangi ya udongo chini, na ukingo wa bati kwa juu kama karatasi iliyochanwa.

Hatua ya 5: Bati jipya na kulijaribisha

Mabati ya vizingiti vya MGB bado yanatengenezwa, kwa hiyo hapa si lazima ukunje mwenyewe. Ila usiamini kwamba litakaa sawa likitoka kwenye karatasi yake. Shikilia yote kwa vibano na skrubu za kujitoboa, ndani, katikati na nje, ufunge mlango, urudishe madigadi ya mbele kwa bolti mbili tatu, uangalie mianya. Fanya hivyo hata mara kumi. Kubadilisha mawazo kabla ya kuchomelea ni bure.

Vipande vidogo, kama kona za sakafu, tengeneza mwenyewe. Kata kwanza kwa katoni, ulainishe mpaka ikae, ndipo uhamishie kwenye bati. Milimita 1.2 inatosha kwa sehemu zinazobeba uzito. Kwa ngozi ya nje, 0.9 hivi. Usiweke bati nene zaidi ukidhani unaimarisha. Nene na jembamba yakikutana, joto hulichagua jembamba.

Hatua ya 6: Safisha yale ambayo hutayaona tena

Kabla ya kufunga, kila uso utakaobaki ndani ya boksi upate haki yake sasa. Brashi ya waya, kisha dawa ya asidi ya fosforiki kwenye vishimo vilivyobaki na weusi wa kutu. Isuuze kama kopo linavyoelekeza na ukaushe vizuri. Usiimiminie asidi kwenye mishono iliyofungwa: haitoki humo, na rangi ya epoksi utakayopaka juu yake haitashika. Nyuso zitakazokutana na kuchomelewa zipakwe praima ya zinki inayostahimili kuchomelewa, safu nyembamba, na mahali pa nukta yenyewe paparuliwe pawe chuma kitupu. Moshi wa zinki unaleta homa usiku. Fungua milango ya karakana, vaa barakoa.

Hatua ya 7: Kuchomelea

Mashine ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe, waya wa milimita 0.6, gesi ya agoni iliyochanganywa na kaboni dioksaidi. Mashine isiyotumia gesi inafanya kazi, lakini kwa bati jembamba ni moto mkali na cheche nyingi.

Jaribu kwanza nje ya gari. Chukua vipande viwili vya bati lile lile, toboa tundu la milimita 6 hadi 8 kwenye kimoja, vibane, ujaze tundu kwa waya, ukianzia katikati juu ya bati la chini ukizunguka kwenda nje. Kisha bana kwenye jiliwa na uving'oe. Nukta nzuri haiachii. Inatoka na kipande cha bati jirani. Ikibanduka safi kama kifungo cha shati, umeweka pambo. Ongeza umeme, rudia. Mimi niliharibu vipande kumi na moja kabla ya kuligusa gari.

Fuata mpangilio wa ndani, katikati, nje, na kile cha chini chenye meno kiende pamoja na ukuta wa katikati. Nukta ziachane kama sentimita tatu. Usizifuatanishe. Piga moja mbele, moja nyuma, moja katikati, uache bati lipoe kiasi cha kuligusa. Mahali pa kuunganisha ncha kwa ncha acha mwanya wa kama milimita moja, shikiza kwa nukta, kisha jaza kati kidogo kidogo. Ukivuta mstari mrefu kwa mkupuo mmoja bati litapinda kama ukoko. Usimwagie maji kuharakisha.

Baada ya kila safu, funga mlango. Pima mishazari. Kipimo kikihama, simama hapo hapo utafute sababu. Bati la nje likishafungwa hakuna tena cha kurekebisha.

Fremu usiitoe mpaka upande wa pili nao umekamilika.

Hatua ya 8: Ziba, paka, jaza nta

Saga nukta za nje, safisha, paka epoksi siku hiyo hiyo, maana chuma kitupu hupata kutu kwa kulala usiku mmoja. Juu ya epoksi pitisha mastiki ya mishono kila mahali mabati yanapokutana upande wa nje, ila acha mianya ya kutolea maji wazi. Puti, kama inahitajika, iwe juu ya epoksi na iwe nyembamba, ya kusawazisha mkwaruzo. Puti hunywa maji, kwa hiyo haizibi tundu hata siku moja. Raba mpya kwenye bati la kukinga nyuma ya gurudumu la mbele, bila kusahau.

Rangi ikishakauka kabisa, na si kabla, ndipo nta ya ndani. Tone la nta kwenye bati ambalo halijapakwa linafukuza rangi. Liweke kopo kwenye maji ya moto robo saa ili nta ilainike, ingiza mrija mrefu wenye kichwa kinachorusha pande zote mpaka mwisho wa kizingiti, kisha uvute polepole huku ukipuliza. Rudia kutoka tundu jingine, na kwenye nguzo, na nyuma ya madigadi.

Tandika katoni chini ya gari. Nta inapaswa kudondoka kwenye mianya ile ya meno kwa siku mbili tatu. Usipoona tone hata moja, haikufika chini, ambako ndiko ilikohitajika, kwa hiyo puliza tena. Ikiacha kudondoka, pitisha kipande cha waya kwenye kila mwanya, maana nta nayo huganda na kuziba.

Mwagia gari maji kwa mpira mara ya kwanza unapoliosha, kisha chungulia chini. Maji yatoke pande zote mbili, kwa kila mwanya.